Watoto wanne, sababu tatu: jinsi familia ya Kikongo ilivyonyimwa nyumba Marekani na ilivyodai haki yake

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji wa wastani wa Marekani, mmojawapo wa ile miji ambayo Wakongo waliotoka katika kambi za Tanzania, Burundi na Uganda wamepelekwa kuanza maisha upya. Majina, tarehe na kila alama ya kuwatambulisha wahusika nimeviondoa. Wenyewe wameridhia kisimuliwe, kwa sharti kwamba kiwafae wengine. Mimi nilikuwa mkalimani wao tangu kikao chao cha kwanza na watetezi wa haki za makazi hadi siku ya kutia sahihi.

Familia ni baba na mama, wazaliwa wa Kivu Kusini, pamoja na watoto wanne: binti wa miaka 13, wavulana wa miaka 10 na 6, na mtoto mchanga wa miezi minne. Wazazi walikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania. Baba alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, mama alisafisha vyumba hotelini. Waliishi katika apatimenti ya vyumba viwili waliyotafutiwa na shirika lililowapokea, na baada ya mtoto wa nne kuzaliwa hapakuwa tena na pa kugeukia. Kodi walikuwa wakilipa kila mwezi bila kuchelewa, na mama alihifadhi risiti zote katika bahasha moja.

Ili kisa kieleweke, inafaa kuifahamu sheria yenyewe. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya makazi bila ubaguzi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa mjini Memphis. Mwanzoni ilikataza kumnyima mtu nyumba, iwe ya kununua au ya kupanga, kwa sababu ya rangi, dini au nchi ya asili. Jinsia iliongezwa mwaka 1974. Mwaka 1988 yakaongezwa mambo mawili: ulemavu, na kile sheria inachokiita hali ya familia, yaani kuwa na watoto wa chini ya miaka 18 nyumbani. Kabla ya hapo majengo mengi ya kupangisha yaliandika bila haya kwamba yanataka watu wazima tu, na hakuna aliyeulizwa.

Watu wetu wengi wanajua kwamba Marekani ni kosa kumbagua mtu kwa rangi. Wachache sana wanajua kwamba ni kosa pia kumkataa kwa sababu ana watoto. Wanapoambiwa "mko wengi mno" huinamisha kichwa, wakiamini kwamba kosa ni lao.

Mambo yalivyotokea

Mama aliona tangazo mtandaoni: apatimenti ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili, "mahali tulivu panapowafaa watu wazima wenye kazi". Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, kwa hiyo binti ndiye aliyepiga simu. Meneja akamjibu kwa ukarimu kwamba ziko mbili tupu, waje Jumamosi.

Walikwenda wote sita, wamevaa vizuri. Meneja aliwapokea kwa tabasamu na kuwapa watoto pipi. Kisha akawatazama mmoja mmoja, akamwambia binti kwamba inasikitisha, nyumba imechukuliwa jana jioni. Akaongeza kwamba ng'ambo ya barabara kuu kuna majengo wanakoishi Waafrika wengi, na huko "mtajisikia nyumbani zaidi". Binti aliomba fomu ya maombi kwa ajili ya siku nyingine. Akaambiwa haina haja.

Ndani ya gari baba alisema waachane na jambo hilo, nyumba ni ya wenyewe na mtu hupangisha amtakaye. Mama akauliza swali moja: "Alisema ziko mbili. Jana jioni zimechukuliwa zote mbili?"

Kisa kizima kiligeuka kwenye swali hilo. Usiku ule, watoto walipolala, mama alichukua daftari la shule na kuandika kwa Kiswahili kila alichokumbuka: siku, saa, nani alisimama wapi, meneja alisema nini na kwa mpangilio upi, hata pipi. Jumatatu tangazo lilikuwa bado lipo. Mpwa wao akapiga picha ya skrini, tarehe ikionekana.

Wiki hiyohiyo mchungaji wao alisikia habari, akamwandikia meneja barua pepe kwa moyo safi kabisa. Alieleza kwamba hawa ni wakimbizi waliopitia mengi, watoto wana adabu, tafadhali wahurumiwe. Meneja akajibu kwa maandishi kwamba anasikitika, lakini kampuni ina kikomo cha watu watano kwa vyumba vitatu. Kuhusu nyumba kuchukuliwa hakusema lolote.

Ndugu na marafiki nao walileta ushauri wao. Uliorudiwa zaidi ni huu: nendeni kwingine, andikeni majina matano tu kwenye fomu, mtoto mchanga nani atamwona?

Wiki tano zilipita. Kisha mwalimu wa Kiingereza wa mama akamwambia kwamba mjini kuna shirika lisilo la serikali linaloshughulikia ubaguzi katika makazi, na kwamba halilipishi. Hapo ndipo nilipoitwa.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutodanganya kwenye fomu yoyote, na mama aliufanya kabla hajajua sheria inasemaje. Alisema mtoto aliyemzaa hatamficha kabatini. Kisheria alikuwa sahihi kuliko washauri wake wote. Mpangaji ana wajibu wa kutaja kwa ukweli wote watakaoishi ndani ya nyumba, na jina lililofichwa humpa mwenye nyumba sababu halali ya kumkataa au kumtoa. Ukishadanganya, malalamiko yako ya haki hubaki bila miguu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kutorudi pale kugombana. Mjomba mmoja alitaka waende kundi zima ofisini kwa meneja. Shirika lilishauri watulie, likatuma watu wa majaribio: watu waliofunzwa kujifanya wanatafuta nyumba, wenye kipato na kazi vinavyofanana, waliotofautiana katika jambo moja tu. Mmarekani mmoja alisema ana mke na hawana watoto. Mwingine alisema ana mke na watoto watatu, jumla watu watano, yaani ndani ya kile kikomo cha meneja mwenyewe.

Wa kwanza alionyeshwa apatimenti mbili tupu na kukabidhiwa fomu. Wa pili aliambiwa kwamba kwa sasa hakuna kitu, labda mwezi ujao jengo la nyuma.

Wapo wanaoona njia hii ni hila. Mahakama ya Juu ya Marekani haikuona hivyo. Mwaka 1982, katika kesi ya kampuni ya nyumba ya Havens Realty, iliamua kwamba hata mtu wa majaribio aliyedanganywa kuhusu nyumba kuwapo ana haki ya kushtaki, kwa kuwa sheria inampa kila mtu haki ya kuambiwa ukweli. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Mbaguzi wa siku hizi hakutukani, anakupa pipi. Bila kulinganisha alichoambiwa huyu na alichoambiwa yule, utajuaje?

Uamuzi wa tatu ulihusu mlango wa kubisha. Mtu aliyebaguliwa anaweza kupeleka malalamiko katika Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo wengi huiita HUD, ndani ya mwaka mmoja. Anaweza pia kufungua kesi mahakamani ndani ya miaka miwili. Malalamiko ya HUD hayalipiwi wala hayahitaji wakili, na katika majimbo yenye sheria inayolingana na ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, hupelekwa kwa idara ya jimbo. Familia ilichagua njia hiyo, hasa kwa sababu baba hakutaka kusikia neno mahakama.

Hofu ya baba ilikuwa na kina, na tuliizungumza jioni nzima. Aliogopa kwamba kulalamika kungeharibu ombi lake la uraia, na kwamba mwenye nyumba wao wa sasa angesikia na kuwafukuza. Alikotoka, aliyemshtaki mwenye mali aliishia kuhama usiku. Alielezwa kwamba sheria hii inazungumzia "mtu yeyote", si raia peke yake, na kwamba kumtisha au kumlipizia kisasi aliyelalamika ni kosa linalojitegemea. Ulinzi huohuo unamfunika shahidi na yeyote aliyemsaidia mlalamikaji. Aliuliza mara tatu kama ni kweli. Kisha akatia sahihi.

Uamuzi wa nne ulikuwa mchungu: waendelee kutafuta nyumba kwingine wakati malalamiko yanaendelea. Sheria inaitaka wizara ijitahidi kumaliza uchunguzi ndani ya siku 100, lakini inaruhusu zaidi pale inaposhindikana, na mtoto mchanga hasubiri. Walipata apatimenti ya vyumba vitatu mbali na kiwanda, kwa kodi kubwa zaidi, wakasaini mkataba wa mwaka.

Uchunguzi

Majibu ya kampuni yalileta sababu ya tatu. Sasa wakili wao aliandika kwamba kikomo cha watu watano kinatokana na kanuni za usalama za mji.

Mchunguzi wa jimbo alifanya kazi yake kimyakimya na kwa ukamilifu. Aliuliza ofisi ya majengo ya mji. Kanuni ya mji ilihesabu wakaaji kwa ukubwa wa sakafu, na apatimenti ile ilitosha watu zaidi ya sita. Aliomba sera iliyoandikwa ya kampuni, na iliyoletwa ilikuwa imeandikwa baada ya barua pepe ya mchungaji. Aliomba orodha ya wapangaji. Akakuta kwamba familia zenye watoto zilikuwepo, baadhi zikiwa na watu sita katika vyumba vitatu, lakini karibu zote ziliwekwa katika jengo la nyuma, kando ya maegesho na mapipa ya taka.

Hapa kanuni ya idadi inahitaji kuelezwa vizuri, maana ndiyo inayotumika sana dhidi ya familia zetu. Sheria ya shirikisho haisemi nyumba ichukue watu wangapi. Vikomo vya busara vilivyowekwa na serikali ya mji au jimbo vinaheshimiwa. Kikomo kilichowekwa na mwenye nyumba mwenyewe hupimwa, na kipimo ni waraka wa mwaka 1991 wa Frank Keating, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa HUD. Waraka unasema kwamba kwa kawaida watu wawili kwa chumba cha kulala ni kiwango cha busara, kisha huangaliwa ukubwa wa vyumba, umri wa watoto, mpangilio wa nyumba na mengineyo. Vyumba vitatu kwa wawili ni sita. Familia hii ilikuwa ya watu sita, mmoja wao bado ananyonya.

Matokeo

Baada ya miezi kadhaa pande zote mbili zilikubali usuluhishi. Kampuni haikukiri kosa, jambo ambalo ni la kawaida katika makubaliano ya aina hii. Ililipa fidia kwa tofauti ya kodi na kwa uchungu waliousababisha. Kiasi ni siri ya mkataba. Ilibadili kikomo kuwa angalau watu wawili kwa chumba, ikaondoa maneno ya "watu wazima" katika matangazo, ikawapeleka wafanyakazi wake mafunzo, na ikakubali kupeleka kwa idara ya jimbo kumbukumbu za waombaji na nyumba zilizo wazi kwa muda uliokubaliwa. Familia zilizokuwa jengo la nyuma zilipewa nafasi ya kuhamia majengo mengine zikitaka.

Familia yetu ilipewa nafasi ya apatimenti ileile. Walikataa. Watoto walikuwa wameshazoea shule mpya, na mkataba wa mahali walipo ulikuwa haujaisha.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Daftari la mama lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Wakili wa kampuni alipodai kwamba binti hakuelewa vizuri alichoambiwa, maandishi ya usiku uleule, yaliyotafsiriwa baadaye neno kwa neno, yalilingana na aliyoyasema mtoto bila kuyasoma. Watu huniuliza kama ni lazima kuandika kwa Kiingereza. Andika kwa lugha unayoota nayo. Tafsiri itakuja, kumbukumbu ikishafutika hairudi.

Hata hivyo kilichoiangusha kampuni ni sababu zake zenyewe. Nyumba imechukuliwa; la, ninyi ni wengi; la, ni kanuni ya mji. Mwenye sababu ya kweli huwa nayo moja, na huwa nayo tangu siku ya kwanza. Mtu wa majaribio mwenye familia ya watu watano ndiye aliyefunga mjadala, kwa sababu alikataliwa hata pale kikomo kilipomruhusu.

Barua ya mchungaji naiona kwa namna mbili. Ilileta jibu la maandishi, na jibu hilo lilikuwa ushahidi. Lakini ilileta kwa bahati. Barua iliomba huruma, ikaligeuza suala la haki kuwa suala la fadhila, na meneja akajibu kama mtu anayenyima msaada. Mtetezi wa jamii angeweza kuandika mistari miwili tu: familia hii ilikuja siku hii, ilikataliwa, tunaomba sababu kwa maandishi na fomu ya maombi. Angepata ushahidi uleule, na watu wake wangebaki wamesimama wima.

Kuhusu binti nasema kwa uchungu. Mtoto wa miaka 13 ndiye aliyebeba kwa kinywa chake maneno ya kuwakataa wazazi wake. Alimweleza mchunguzi kwamba sehemu ile ya "mtajisikia nyumbani zaidi" aliitafsiri nusu, kwa sababu hakutaka baba yake aisikie. Nusu iliyobaki tuliisikia kwake baadaye sana, nayo ndiyo iliyofungua upande wa pili wa malalamiko, maana kumwelekeza mtu kwenye mtaa wa "wenzake" badala ya kumwonyesha nyumba aliyoijia ni kosa chini ya kipengele cha nchi ya asili. Madalali wa nyumba za kuuza hufanya vivyo hivyo kwa wanunuzi, na nako ni kosa. Mwenye mtu mzima wa kumsindikiza, hata wa kusikiliza kwa simu iliyowashwa spika, amchukue.

Zile wiki tano ziligharimu. Bahati tu ndiyo iliyofanya apatimenti ziwe bado tupu majaribio yalipofanyika. Mwaka mmoja wa kulalamika huwalaza watu usingizi, kumbe ushahidi wenyewe una siku chache. Kungekuwa na faida nyingine pia: mapema vile, ingewezekana kuomba amri ya muda ya mahakama ili nyumba moja isipangishwe hadi jambo liamuliwe. Kwa familia iliyohitaji mahali pa kulala kuliko kitu kingine, hapo ndipo hasara kubwa ilipokuwa, na fidia haikuiziba.

Bahasha ya risiti nayo ilifanya kazi yake. Mwenye nyumba ana haki kamili ya kukagua kipato, historia ya kodi, krediti, yaani rekodi ya ulivyolipa madeni, na ushuhuda wa mwenye nyumba wa ulikotoka, mradi anamkagua kila mwombaji kwa kipimo kimoja. Kampuni ilipotafuta sababu hizo haikupata hata moja. Kama familia ingekuwa na madeni ya kodi, kisa kingekuwa kigumu zaidi, hata kama ubaguzi ulikuwepo.

Mipaka ya sheria

Si kila kukataliwa ni ubaguzi. Makazi ya wazee yaliyotimiza masharti yanaruhusiwa kukataa watoto: yale ya waliofikisha miaka 62, au yale ambayo angalau asilimia 80 ya nyumba zake zina mkaaji wa miaka 55 au zaidi. Jengo lisilozidi nyumba nne ambalo mwenyewe anaishi mojawapo limeachwa nje ya sehemu kubwa ya sheria ya shirikisho, ingawa sheria ya jimbo inaweza kulirudisha ndani. Ukiwa na shaka, uliza shirika la mjini kwako.

Kwetu sisi tulioanza kumiliki

Baadhi yetu sasa tunanunua nyumba, nyingine pacha, tukaishi upande mmoja na kupangisha wa pili. Katika makundi ya WhatsApp nimeona matangazo yanayotaja makabila ya kwetu Kivu Kusini, yakisema "kwa Wabembe tu", "Banyamulenge msipige simu", "wasio na watoto". Anayeandika hivyo hujiambia kwamba nyumba yake ni ndogo na sheria haimgusi.

Inamgusa. Ule msamaha wa mwenye kuishi ndani ya jengo hauhusu matangazo: kutangaza kwamba unapendelea au unakataa watu kwa asili, dini au watoto ni marufuku hata kwa nyumba pacha. Na iko sheria nyingine, ya mwaka 1866, iliyopitishwa baada ya utumwa kukomeshwa, isiyo na msamaha wowote kuhusu rangi katika kununua na kupangisha mali. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba rangi katika sheria hiyo inabeba pia ukoo na asili ya kikabila. Kwa hiyo lile neno la kumfungia mlango jirani wa kabila jingine, tulilolibeba kutoka bondeni Ruzizi, Kivu Kusini, hadi hapa, linaweza kukufikisha mbele ya jaji.

Tangazo halali ni fupi kuliko lile la ubaguzi: vyumba viwili, kodi kiasi hiki, amana kiasi hiki, wazi kuanzia tarehe fulani, wakaaji wasiozidi wanne, waombaji wote watajaza fomu moja na kujibiwa kwa mpangilio wa kufika.